Blanketi Lenye Kichwa cha Tausi

Nyumbani kwetu Nangara hatukuwa wezi. Vitu vilibaki. Baba, aliyekuwa kibarua kwenye karakana moja mjini, alirudi na misumari iliyobaki, mbao zilizobaki, na siku moja kitasa kilichobaki kikiwa bado na skrubu zake nne. Mama alikuwa fundi cherehani, na kwake vilibaki vitambaa. Nikiwa mdogo niliamini kwamba kubaki ni tabia ya vitu vyenyewe, kama maziwa yanavyochacha.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, kusema kweli, hapakuwa na kitu cha kubaki. Ukiingia dukani Babati ulikuta kaunta, muuzaji na kalenda ya zamani. Habari ikienea kwamba sabuni itakuja, watu walipanga mawe kwenye foleni tangu alfajiri, kila jiwe na mwenyewe, na ole wako ukisogeza jiwe la mtu. Kitambaa kikifika duka la kaya, lile la mgawo, kilifika cha aina moja, na mji mzima ukavaa aina hiyo. Mwaka ninaousema yalikuwa maua ya njano juu ya kahawia, makubwa kama sahani. Jumapili kanisa zima lilionekana kama kwaya, pamoja na walevi waliokaa nyuma.

Vitambaa hivyo viliishia kwa mama, kwenye kibaraza alichowekea cherehani yake ya kukanyaga. Alipima, akapima tena, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. "Hakitoshi, dada. Tupunguze mikono." Watu wakapunguza mikono. Haukupita muda wanawake wote tuliowajua walikuwa wanatembea mabega nje, na upepo unaoshuka Mlima Kwaraa haukuwa na huruma. Mikono yao ililala kwenye mfuko wa unga chini ya kitanda cha mama. Sikuwahi kumuuliza. Ningeuliza, ningeambiwa ilibaki.

Ndipo nikachaguliwa kwenda kidato cha kwanza, shule ya bweni, juu huko Mbulu. Siku zile kuchaguliwa ilikuwa habari ya ukoo mzima. Darasa letu lilitoa wasichana wawili tu: mimi, na mmoja wa Maisaka aliyenishinda hesabu na ambaye hatukuwa tunasalimiana kwa sababu hiyo. Fomu ya kujiunga ilitaka ndoo, jembe, sanduku na blanketi zito, na chini ilionya kwamba atakayefika na upungufu atarudishwa nyumbani. Jembe tulikuwa nalo. Blanketi baba alilifuata hadi Arusha, akarudi na nusu kilo ya sukari na maelezo marefu. Nililia, nikatangaza kwamba basi nitaolewa na mwanamume wa kwanza atakayepita njiani. Mama akachungulia nje, akasema anayepita ni mchungaji wetu, na ana mke.

Kisha akauburuta ule mfuko kutoka chini ya kitanda.

Alilishona blanketi la viraka kwa wiki tatu, mchana tu, maana mafuta ya taa nayo yalikuwa yamebaki hadithi. Katikati alitia mifuko ya ule unga wa njano wa msaada na sweta la marehemu babu. Uzi aliufumua kwenye midomo ya mifuko hiyo hiyo. Juu akapanga maua ya njano safu kwa safu, mikono ya majirani imelala chali. Angeishia hapo tusingepata matatizo. Lakini mama alikuwa fundi, na fundi kujizuia ni shida. Katikati kabisa akaweka kichwa cha tausi.

Tausi huyo lazima nimweleze. Mama yake yule msichana wa Maisaka alikuwa na kitenge kilichovuka mpaka wa Namanga chini ya magunia ya viazi. Kilikuwa na tausi wakubwa wa kijani, na hakuna mwingine mjini aliyekuwa nacho. Mama akamwambia hakitoshi. Gauni likatoka na tausi mmoja mgongoni, mkia unafika kiunoni, mabawa mazuri, shingo ndefu, kisha kola. Kichwa hakuna. Waliokaa nyuma yake kanisani walishindwa kufuata mahubiri.

Kosa lililotuumbua lilikuwa la baba. Alinitengenezea sanduku la mbao, akalipaka ndani na nje rangi ya bluu iliyobaki, ile ile ya milango yote ya karakana. Rangi haikutosha, akaizimua kwa dizeli. Rangi ya dizeli haikauki, inafikiria. Baba hakuingoja imalize kufikiria, akalikunja blanketi, akaliweka ndani, akajipongeza. Jumapili asubuhi tulilitoa likiwa na madoa ya bluu na linanuka kama lori. Mama akalifua, akalianika kwenye kamba mbele ya nyumba, palipo na jua. Jua alilikumbuka. Barabara aliisahau.

Kanisa likatoka.

Wanawake saba walisimama mbele ya kamba yetu, mabega nje, wakiitazama mikono yao. Halafu wakasogea, wakashika, wakapapasa.

"Hiki changu."

"Changu hicho, mwenzangu. Cha kwako kile pale."

Maua yalikuwa ya kila mtu, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuthibitisha. Mama alitoka, akasimama mlangoni, akawaambia kwamba palipo na mkasi lazima vipande vibaki.

"Na huyu naye alibaki?" Mwenye tausi akageuka, akatupa mgongo. Bibi mmoja, kiongozi wa akina mama wa kanisa, akavuta pembe ya blanketi, akakiweka kichwa juu ya shingo. Kikakaa sawasawa, pamoja na manyoya matatu ya utosini. Mtu mmoja akacheka, na naona aibu kusema nilikuwa mimi.

Kwa balozi wa nyumba kumi mwenye tausi asingeweza kwenda, maana swali la kwanza lingekuwa kitenge kilipita wapi. Alitaka chake pale pale. "Leteni mkasi," akasema.

"Usikate," mama akasema. "Utaharibu kazi."

Akaleta wembe na kigoda, akakaa katikati yao, akaanza kukifumua kile kichwa mwenyewe, mshono mmoja mmoja, huku akizungushia uzi kidoleni kwa sababu uzi ulikuwa adimu. Ilichukua muda. Wale wanawake walichoka kukasirika, wakaanza kuonyeshana jinsi mishono ilivyonyooka. Mimi nilikaa kizingitini nikiwachukia wote, wa kwanza akiwa mama. Shule ilikuwa inafunguliwa baada ya siku nane, na blanketi langu lilikuwa na dirisha.

Bibi ndiye aliyetoa hukumu. "Maua tunamwachia mtoto, aende akasome. Lakini kuanzia leo, mama fundi, unakata sisi tukiona." Na ikawa hivyo. Mwaka uliofuata mji ulirudi kuvaa mikono, na mama alisema hajui muujiza huo umetokea wapi.

Kesho yake ile Jumapili, mama alitoa gauni lake la zambarau, alilofungia ndoa, la mikono mirefu. Lilikuwa gauni lake pekee ambalo halikutoka duka la kaya, na alilivaa Pasaka na Krismasi tu. Akakata mkono mmoja. Akautazama wa pili. "Na wewe," akauambia, akaukata. Akaiunganisha, akaziba dirisha. Aliniambia tu kwamba nikilikojolea nisirudi.

Alhamisi mwenye tausi akabisha hodi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, akakiweka kile kichwa cha tausi juu ya cherehani.

"Kirudishe."

"Pameshazibwa, mwenzangu."

"Naona. Shona juu yake." Akameza mate. "Blanketi hakuna. Tumetafuta mpaka Moshi. Wangu naye anakwenda shule hiyo hiyo. Watalala wawili."

Mama akakichukua kichwa, akakinyoosha kwa kidole. Ninajua maneno alikuwa nayo, kwa sababu hakuwahi kuishiwa. "Na gauni lako je?" akauliza mwishowe.

"Limeshazoea."

"Kaa basi. Kuna chai. Sukari hakuna."

"Sukari nani anayo?"

Akakaa. Mama akalitandaza blanketi mapajani, mgeni akashika upande wa pili ili lisikunjamane, na mama akaanza kushona. Alipofika kwenye mdomo wa tausi, mama akaichomeka sindano pembeni, akainuka, akafungua kabati, akaitoa ile nusu kilo ya Arusha. Akaiweka mbele ya mgeni, pamoja na kijiko. Katika maisha yangu yote, hiyo ndiyo radhi pekee niliyomwona mama akiomba.

Mgeni akachota vijiko vinne.

Tulipanda Mbulu kwa lori, sanduku la bluu bado linanata. Mlezi wa bweni alitusimamisha, akadai mablanketi mawili. Yule msichana aliyenishinda hesabu akamwambia kwamba hili lina tabaka tatu, kwa hiyo kila mmoja wetu ana blanketi moja na nusu, yaani kuna hata ziada. Mlezi akahesabu kwa vidole, akatupitisha.

Baridi ya kule haina adabu. Kwa kuwa bado hatukuwa tunasalimiana, tulilala mzungu wa nne, miguu yake usoni kwangu na yangu kwake. Kila mmoja alilivuta blanketi ili apate pale katikati, penye tausi juu na mikono ya gauni la mama chini yake, kwa sababu ndipo palipokuwa pazito kuliko pengine pote. Tulivutana hivyo karibu mwezi mzima. Kisha siku moja akasema amechoka kunusa miguu yangu, akachukua mto wake, akaja kulala upande wangu.