Gego la Juu la Yaya Bea

Nilikuwa bado mtoto wa kung'oka meno ya mbele, kwetu Likasi, gego la juu la dada yangu lilipoanza kuoza. Tulimwita Yaya Bea, kama wadogo wa kwetu wanavyomwita dada mkubwa. Alikuwa na miaka kumi na minne, na kicheko chake kilisikika hadi kwa majirani.

Mama alimpeleka hospitali. Daktari alibonyeza ufizi, usaha ukatoka, akasema jino ling'olewe na jipu lipasuliwe siku hiyohiyo. Mama akarudi naye nyumbani kuomba ruhusa. Sisi wenye asili ya Kasai, mtoto ni wa ukoo wa baba, na mke wa mtu hathubutu kumpeleka kwenye kisu kabla mama mkwe hajakubali.

Kaku, bibi yetu mzaa baba, alikataa.

"Ile jino ya yulu iko na muzizi mu jicho. Chuma ikigusa jino, jicho inakufa."

"Lakini Kaku, docteur anasema leo," Mama alisema.

"Docteur njo alimuzaa?"

Mama akamlaza Bea kitandani. Baba alirudi kutoka machimbo ya Kakontwe, vumbi la chokaa mpaka kwenye nyusi, akasikiliza, akanyamaza. Ukimya ule wa Baba sijausamehe hadi leo.

Nisimsingizie Kaku. Hakubanduka kando ya kitanda. Alimkanda Bea shavu kwa chumvi ya moto iliyofungwa kitambaani, akalia kuliko sisi sote.

Siku ya tatu uvimbe ulipanda, jicho likafumba kabisa.

"Munaona? Si nilibaambia jino na jicho biko pamoja?"

Mimi nilikuwa nimeshika beseni la maji, nikiwaza kwamba hakuna chuma kilichomgusa bado. Lakini nani angenisikiliza? Niliogopa, nikaendelea kushika beseni.

Bea alipoanza kuweweseka kwa homa, Baba alimbeba hadi hospitali bila kumwuliza mtu. Walimpasua, wakang'oa jino. Uhai waliuokoa. Jicho, daktari alisema, lilikuwa limekufa kabla Bea hajafika.

Mtaani habari iligeuka haraka: wameng'oa jino, jicho limekwenda. Kaku alifariki akiwa na hakika hiyo. Bea pia anayo.

Mwaka jana mwanangu alivimba shavu kwa gego la juu. Bea alikuja mbio, akasimama mlangoni.

"Usimupeleke, weye! Hauoni miye, na hii jicho yangu?"

Nilimpita, mtoto mgongoni. Jino liling'olewa siku ileile. Tuliporudi, Bea alimziba mtoto jicho moja, kisha la pili, akimhesabisha vidole. Mtoto alihesabu vyote sawasawa.

"Huyu iko na bahati," alisema, akajifuta uso.

Ulimi uliniwasha nimwambie kipi kilitangulia, jicho au jino. Nikashindwa. Kwa miaka yote hii amelichukia jino tu. Nikimwambia ukweli, atajua jicho lake lilifia nyumbani, mikononi mwetu sisi tuliompenda.