Shahidi wa Lozells

Niliacha shule kidato cha pili, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja mwaka mzima. Majira hayo nilikuwa nalala kwenye kochi la mzee mmoja Mkongo huko Shard End, tuliyefahamiana naye kanisani. Mchana, akipika sombe, kisamvu cha kwao, nilimsomea kitabu cha maktaba kuhusu wafalme wa kale wa nchi hii ya Waingereza: jinsi walivyowagawia askari wao ardhi, na mfalme akifa, mrithi aliweza kuwanyang'anya na kuwapa watu wake.

"Batu ba huku nabo balikuwa na mwami!" alicheka. Kwao shamba hutoka kwa mwami, chifu wao. Baba yake alilipata kwa ng'ombe mmoja.

Wiki hiyohiyo mdogo wake alipiga simu kutoka Kivu. Mwami amefariki, mwanawe amekalia kiti, na kila mwenye shamba alete mashahidi kabla ya Jumapili, la sivyo atalikosa.

Sikuweza kutulia. Kitabu kilisema hati za zama hizo ziliuzunguka mpaka kama mtu anayetembea: kutoka mti huu hadi mtaro ule, kisha majina ya waliokuwepo. Nikachukua kalamu. Mzee akafumba macho, akaizunguka meza akitaja: kaburi la nyanya, mwamba mweupe, kijito, kisha kando ya kijito hadi barabarani. Kwenye mashahidi akakwama. Wote wamekufa, isipokuwa mama mmoja wa Lozells, mtaa mwingine wa jiji hili, jirani yao wa zamani kule Kivu, ambaye hawajasalimiana naye miaka mingi.

"Huyo? Afazali mwami achukue."

Nilimsumbua mpaka tukapanda basi.

Yule mama alisikiliza hati yote huku akichambua maharagwe.

"Papa, weye unadanganya hata karatasi," alisema. "Mpaka ni ile mwamba. Toka mwamba mpaka kijito ni kwetu. Baba yako alisogea siku tulikimbia vita."

"Tulilima sababu hamukuwako, mama."

"Sasa niko. Nitamupigia mwami simu mimi mwenyewe, nimwambie ile ng'ombe niliona na macho yangu. Lakini na mwamba nitasema."

Mzee aliyakodolea macho yale maharagwe. Mimi nilikuwa nimeshasimama, nimeshavaa koti, miguu inaniwasha kuondoka.

"Ikala," mzee aliniambia, bila kunitazama. "Futa kijito."

Nikakaa. Yule mama akasukuma bakuli kando, akaweka kidole kwenye karatasi, palepale pa kufuta.