Siku Bunduki ya Upepo Iliponyamaza

Nakumbuka Jumamosi moja ya baridi, mwanangu, mwishoni mwa miaka ya tisini, mimi na rafiki yangu Mugisho tulipopanda basi kwenda Hounslow, pembeni mwa London, kuona bunduki mpya ikijaribiwa. Tulikwenda tukicheka. Sitaki usikie habari hii kwa watu wengine, maana wengine wanaisimulia vibaya.

Mugisho alikuwa kijana wa Bukavu, Kongo, aliyekimbia vita. Tulipanga chumba kimoja Thornton Heath. Mimi nilikuwa nikitunza wazee kwenye nyumba yao, naye alikuwa fundi wa kukereza vyuma, kazi aliyofundishwa na mapadri kwao. Ombi lake la ukimbizi lilikuwa halijajibiwa. Asubuhi tukinywa chai, akisikia barua zinadondoka mlangoni, anaacha kutafuna mpaka nimwambie hakuna yake.

Aliyempa kazi alikuwa Bwana Kanti, Mhindi mzaliwa wa Mwanza, mwenye karakana ndogo Hounslow ambako ndege zilipita juu ya paa siku nzima. Alikuwa na kibali cha kutengeneza bunduki za upepo. Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu kabisa, cha sokoni na cha matusi ya mpira. Alimpenda Mugisho kwa sababu ya mikono yake, na nadhani pia kwa sababu alipata mtu wa kuongea naye. Nami alikuwa akiniita mara kwa mara nije nile maharage aliyopika mwenyewe juu ya jiko la gesi pale pale kazini.

Bunduki hiyo waliitengeneza pamoja kwa muda mrefu. Usidhani ilikuwa kitu cha kulengea makopo. Tundu la mtutu lilikuwa pana, ncha ya kidole changu ingeingia, na risasi zake zilikuwa nene kama harage. Chini ya mtutu palikuwa na mtungi wa hewa iliyoshindiliwa. Na jambo kubwa lililomfurahisha Bwana Kanti ni kwamba ilijipakia yenyewe: ukifyatua, risasi nyingine inaingia mahali pake bila wewe kuigusa. Alisema wenye mashamba nje ya nchi wataitaka kwa ajili ya nguruwe mwitu.

Jumamosi hiyo, ukutani mwisho wa karakana, walipanga magunia ya mchanga na ubao mbele yake. Mugisho akapiga. Haikulia kama bunduki ninayoijua, ilikohoa tu, lakini ubao ulipasuka. Akapiga tena na tena. Bwana Kanti akapiga makofi.

"Unaona?" akaniambia. "Watu wa Mwanza si wa kuvua samaki tu!"

Kisha bunduki ikanyamaza. Mugisho alivuta kifyatuo, kimya. Akaitikisa kidogo.

"Papa, imekufa," akamwambia Bwana Kanti. "Haina tena upepo."

Mwanangu, elewa hapa. Bunduki ya upepo ambayo Mugisho aliijua tangu utoto ilikuwa ya mjomba wake, ya kupigia njiwa. Ile unaikunja, unaweka risasi moja kwa mkono, unapiga, basi. Kama hukuweka kitu, hamna kitu. Hii mpya haikuwa hivyo. Risasi ilikuwa imekwama njiani, na alipoitikisa ikateleza ikakaa mahali pake. Hakuna aliyeiona.

Mimi niligeuka kuwasha birika. Bwana Kanti alizunguka meza akainama mbele ya mtutu kusikiliza kama hewa inavuja. Nilimsikia akisema, "Ngoja kwanza." Nikamsikia Mugisho akisema, "Tazama, Papa, haifanye kitu." Halafu bunduki ikakohoa.

Nilipogeuka, Bwana Kanti alikuwa amekaa sakafuni ameegemea mguu wa meza, mkono tumboni, uso wake ukiwa na mshangao zaidi ya maumivu. Niliminya jeraha kwa taulo jinsi tulivyofundishwa kazini. Mugisho alisimama tu. Nilimpigia kelele aite gari la wagonjwa, naye akaita.

Watu wa gari walipoingia, Bwana Kanti alikusanya nguvu akawaambia kwa Kiingereza kwamba amejipiga mwenyewe, alikuwa akisafisha mtutu, kijana hakuwa karibu. Walipokuwa wakimfunga kwenye machela akamtazama Mugisho na kumwambia kwa Kiswahili, "Nyamaza. Watakurudisha. Nyamaza tu, mwanangu."

Alifariki jioni ile ile.

Polisi waliniuliza nikawaambia nilichoona: nilikuwa nimewapa mgongo, nikasikia bunduki, nikageuka; waliyoambiana sikuyataja. Maneno ya marehemu waliyapokea kama yalivyokuwa. Mugisho hakusema lolote. Nyumbani alikaa kitandani siku kadhaa na koti lake, na chakula nilichomwekea kilipoa hapo hapo. Mwishowe akanieleza yote, na nilimwambia kwamba mzigo huo hataubeba bila kuvunjika. Akanijibu, "Kule Bukavu hakuna mtu wangu aliyebaki. Wakinirudisha narudi kwa nani?"

Tulikwenda kuhani nyumbani kwa Bwana Kanti, Kenton. Viti vilikuwa vimeondolewa, watu wamekaa chini juu ya shuka nyeupe. Mama yake Bwana Kanti, bibi mzee kuliko wote mle ndani, alituita tukae mbele yake. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha mwanawe.

"Wewe ndiye Mugisho?"

"Ndiyo, Bibi. Pole sana, Bibi."

"Kanti alianza kushika vyuma hajaota ndevu. Hajawahi kusafisha mtutu ukiwa umeelekea tumboni kwake. Niambie."

Mugisho aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa shuka, akamwambia. Nilidhani bibi atapiga ukunga. Hakupiga. Vidole vyake vilikunja na kukunjua pindo la sari.

"Kwa hiyo mwanangu amekufa na uongo mdomoni," akasema, "kwa sababu yako. Na ulimwacha aende nao. Wameandika kwamba alikuwa mzembe. Watoto wake watakua wakiambiwa baba yenu alijiua kwa uzembe. Alikupa kazi, alikupa chakula, sasa umechukua mpaka jina lake?"

Mugisho alikuwa akilia. Bibi akanigeukia mimi.

"Na wewe unayekaa naye, msindikize. Asiende peke yake."

Tulitoka Kenton tukaenda moja kwa moja polisi. Mugisho alisema kila kitu, na hakutaka nikae mbali wakati akisema.

Haikumalizika vizuri, sitakudanganya. Alifungwa. Alipomaliza kifungo, ombi lake lilikuwa limekataliwa, wakampandisha ndege kumrudisha kwao. Alinipigia simu mara moja kutoka Bujumbura, Burundi, simu ikakatika, na tangu hapo sijasikia sauti yake. Nimeuliza kwa kila Mkongomani ninayekutana naye.

Lakini siku ya hukumu yule bibi alikuja mahakamani, amevaa sari nyeupe, ameshikwa mkono na mjukuu. Walipokuwa wakimshusha Mugisho kutoka kizimbani, bibi alisimama, akasema kwa sauti mbele ya watu wote wasioelewa Kiswahili, "Mugisho! Umemrudishia mwanangu jina lake." Mugisho aligeuka, akaitikia kwa kichwa, akateremka ngazi na askari.

Mwanangu, najua mnapenda vitu vipya, na sikukatazi. Ila kitu usichokijua usikipime kwa kile ulichokizoea. Silaha ikinyamaza, amini kwamba bado ina risasi, na usielekeze mtutu kwa mtu hata kama umeapiwa kwamba ni tupu. Na ikitokea siku umekosa kosa ambalo haliwezi kurudishwa, na mtu kwa huruma yake akakupa uongo wa kujifichia, mshukuru kwa huruma yake, lakini uongo wenyewe usiupokee. Kuna mtu mwingine atakayeulipia, mara nyingi asiyeweza tena kujitetea.

Mungu akulinde wewe na walio karibu nawe. Akupe mikono yenye subira, na siku ukweli utakapokuwa mzito, akupe mtu wa kukusindikiza.