Uji Ndani ya Rejeta

Kuna watu pale Ishiara ambao mpaka leo hawalijui jina langu, na wakiniona sokoni huambiana tu, "Yule ni mzee wa uji," nami huinua kofia nikawasalimu vizuri, maana jina hilo sikupewa kwa chuki ya mtu, nililitafuta mwenyewe kwa mikono yangu miwili, asubuhi ya Jumamosi, nikiwa na akili zangu zote, na tena baada ya kusali.

Miaka ile ya tisini nilikuwa na gari la Kiingereza, Moris dogo la kijivu lenye mgongo kama wa kobe, ambalo niliachiwa na mmishenari mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Kwetu ni huku Nkubu, penye migomba na kahawa, na kila Jumamosi majirani walipokuwa wakipalilia mimi nilikuwa nimelala chali juu ya gunia chini ya gari, nati na boliti nimezipanga juu ya jani la mgomba zisipotelee kwenye nyasi (zilipotea vilevile, kwa sababu mbuzi alikuja akalivuta jani). Vipuri vyake havikupatikana Meru wala Embu, kwa hiyo nilijitegemea: gasketi nilizikata kwa katoni ya sabuni, ekzosi niliifunga kwa waya wa ua, na plagi nilizisugua kwa msasa mpaka zikang'aa kama vikombe vya meza ya Bwana. Niliwaambia watu kwamba gari lile ni shule ya uvumilivu, na kweli lilikuwa shule, ila aliyekuwa akivumilia ni mke wangu, Mama Kawira.

Yeye si mtu wa maneno mengi. Alisema gari linakula Jumamosi zangu zote, na kwamba kuna mtu wa Kianjai anayelitaka. Nilimsihi sana. Mwisho tukapatana hivi: nilikuwa nimeombwa kumpeleka Mchungaji wetu Ishiara kwenye maombi ya mvua, basi gari likienda na kurudi kwa nguvu zake lenyewe, hatalitaja tena maisha yake yote, likirudi likivutwa, mtu wa Kianjai alichukue. Nikakubali upesi kabisa, kama mtu asiyejua kwamba rejeta yake inavuja.

Na nilijua. Tangu Alhamisi maji ya kupoza injini yalikuwa yakidondoka chini ya rejeta, tone kwa tone, na kila asubuhi nilifukia unyevu ule kwa mguu kabla Mama Kawira hajatoka kukamua. Sasa Jumamosi ya safari ikafika, fundi wa lehemu yuko mbali, na mimi nikakumbuka nilivyowahi kusikia, kwamba madereva wa malori wakishikwa njiani hutia ndani ya rejeta yai, au unga kidogo, ukipata moto unaganda kwenye tundu na kuliziba. Mayai sikuthubutu, Mama Kawira aliyajua moja moja, karibu kwa majina. Unga mkavu niliogopa utafanya madonge. Ndipo nilipoona jikoni kibuyu cha unga wa wimbi, yaani ulezi, uliolowekwa tangu juzi, umechachuka vizuri, unangoja kupikwa uji wa jioni, kwa maana siku hiyo washirika wote, wa Nkubu na wa Ishiara, tulikuwa tumefunga mpaka jua litue. Uko majimaji tayari, nikasema moyoni, Bwana ametoa.

Kijiko kimoja kingetosha. Nikaona kijiko kimoja ni imani haba, nikamimina kibuyu kizima.

Tone likakatika palepale! Nikapiga magoti kwenye oili nikashukuru, na nilipomchukua Mchungaji pamoja na Mama Kanini, kiongozi wa akina mama wa kanisa letu, nilianza kuwatolea ushuhuda kabla hata hawajafunga milango, jinsi gari kuukuu linavyoweza kutunzwa nyumbani na mtu mwenye subira. Mchungaji aliketi mbele, Mama Kanini nyuma na kitabu chake cha nyimbo. Tuliteremka mpaka Chuka salama, tukaacha lami, tukaanza kushuka kwenye joto la Mbeere, vumbi jekundu, miti ya miiba, mito iliyobaki mchanga mtupu. Gari lile halikuwa na saa ya kuonyesha moto wa injini. Lilikuwa na pua za abiria.

"Mzee Mugambi," Mchungaji akasema, "kuna nyumba karibu na hapa?"

"Hakuna, Mchungaji. Ni pori tu."

"Mimi nasikia harufu ya ucuru."

Ucuru ndio huo uji wetu mchachu. Nilishika usukani kama mtu anayeendesha meli.

"Hata mimi nausikia," Mama Kanini akasema kutoka nyuma, "nilikuwa nimenyamaza nikifikiri ni tumbo langu. Mchungaji, hilo ni jaribu. Yule mwovu amejua tumefunga."

"Kweli kabisa. Wacha tumkemee."

Mchungaji akavua kofia, na palepale, gari likirukaruka kwenye mawe, akaanza kuomba kwa sauti ya kuwafukuza ndege. "Kila harufu isiyotoka kwako, Bwana, ishindwe!" "Ishindwe!" Mama Kanini akaitikia. "Kila uji wa udanganyifu, ushindwe!" "Ushindwe!" Nami nikasema amina. Nilisema amina kubwa kuliko zao zote mbili, halafu nikajituliza kwamba, ukiangalia vizuri, Mchungaji alikemea uji, hakumtaja mwenye uji. (Hapo ndipo ningesimamisha gari nikasema ukweli, na leo ningekuwa na jina langu.)

Harufu ikazidi. "Shetani wa leo ni mkaidi," Mama Kanini akasema, akafungua kitabu akaanzisha wimbo.

Tulifika tukiimba. Watu walikuwa wameketi uwanjani mbele ya kanisa, wengi kuliko nilivyotarajia, wamekuja kwa miguu kutoka mbali, wamekonda, kwa maana mvua ilikuwa imewanyima misimu miwili na mbuzi walikuwa wanakufa. Mtu mwenye busara angeliacha gari nje ya ua. Mimi nilitaka Mchungaji ashukie mbele kabisa, kama inavyostahili, nikapiga honi, nikapita katikati, nikasimama mbele ya meza ya wazee. Moshi mweupe ukaanza kutoka kwenye boneti. Mlio ukasikika ndani, blub, blub, blub, ule mlio ambao hakuna mwanamke wa Meru wala wa Embu asiyeujua.

"Ni mvuke tu," nikawatangazia. "Gari la Kiingereza hupumua."

Nikafungua boneti, nikazungushia kifuniko cha rejeta kitambaa changu cha mfukoni, nikakilegeza kidogo, na Mungu ni mwema sana kwamba nilikuwa nimegeuza uso kumwangalia Mchungaji, kwa sababu kifuniko kiliruka na kibuyu kizima cha uji kikapanda juu ya vichwa vyetu kama chemchemi, kikatulia kidogo huko juu, halafu kikashuka: juu ya boneti, juu ya kofia yangu, juu ya koti langu la harusi, juu ya kola nyeupe ya Mchungaji, na juu ya kitambaa cha meza ya wazee. Umeiva. Sina la kuuteta upande huo, uji wenyewe ulikuwa umeiva vizuri.

Uwanja mzima wenye njaa ulikuwa unanusa.

Mzee Njeru, kiongozi wa washirika wa pale, akasimama taratibu, akapitisha kidole kwenye boneti, akakitazama kwenye jua.

"Huu ni ucuru," akasema. "Wa wimbi." Akanigeukia. "Mzee, umetuletea neno ama umetuletea chakula?"

"Ni dawa ya rejeta," nikasema.

"Dawa?"

"Ilikuwa inavuja."

"Wacha nielewe. Huko kwenu juu wimbi mko nayo mpaka mnalisha gari?"

Wanawake wawili walikuwa wamesogea na vikombe, nikawazuia kwa mikono yote miwili, "Msile, mama zangu, una kutu na oili," na mmoja akamwambia mwenzake, "Ona, hata sasa anatunyima," na hapo watu wakaanza kucheka, kwanza akina mama, halafu uwanja wote, na Mzee Njeru akangoja kicheko kipungue.

"Sisi hapa," akasema, "tumefunga tangu mvua ya mwaka jana ikatae kuja, na hatukutangaza. Wewe umefunga tangu asubuhi, na tayari gari yako imeshindwa."

Wakacheka tena mpaka wengine wakalala chini. Aliyekuwa hacheki ni Mchungaji. Alikuwa anapangusa kola.

"Mzee Mugambi," akasema polepole, "kule njiani, ile harufu, ulijua ni nini?"

"Nilijua, Mchungaji."

"Na ukasema amina."

"Nilisema."

"Kwa sauti."

"Kwa sauti sana."

"Haya," akasema, "simama uwahubirie." Kwa maana aliyepangiwa kuhubiri siku hiyo ni mimi, na somo nililochagua mwenyewe ni kufunga bila kujionyesha. Nilihubiri na uji ukinikaukia masikioni. Sijawahi kusikilizwa vile, kabla wala baadaye, na sikuhubiri kwa muda mrefu.

Gari halikuwaka tena. Maji ya kawaida yalikataa kupita, rejeta ilikuwa imeziba kote, tundu bovu na matundu mazuri yote. Tukaokolewa na Bwana Hassani, mfanyabiashara wa mbuzi wa Meru mjini, ambaye lori lake lilikuwa linarudi huko karibu tupu. Aliwapandisha Mchungaji na Mama Kanini mbele, akalifunga Moris nyuma kwa kamba, nami nikaketi peke yangu kwenye usukani nikila vumbi lake mpaka Nkubu.

Alipokwisha kuwashusha wenzangu, tukafika juu ya kilima cha kwetu. Njia inateremka moja kwa moja mpaka langoni. Nikapiga honi, lori likasimama, nikashuka nikamwendea Bwana Hassani dirishani.

"Bwana Hassani, nifungulie kamba hapa. Litateremka lenyewe."

"Halina injini, mzee."

"Halihitaji injini. Ni mteremko. Mke wangu asilione likivutwa, ni hilo tu."

Akanitazama, koti, kofia, masikio. "Kufungua nitafungua," akasema, "lakini mimi mama akiniuliza nitamwambia kweli. Leo si mmefunga nyinyi?"

Nilisimama barabarani nikilipenda gari lile kuliko siku zote. Kushuka tu mpaka langoni, kimya kimya, na lingekuwa langu maisha yote. Nikaisikia tena ile amina yangu, jinsi ilivyokuwa nzuri, nene, bila hata mkwaruzo.

"Iache kamba," nikasema.

Mama Kawira alikuwa langoni. Aliitazama kamba, akanitazama mimi, akasogea akanusa koti langu, na naamini alielewa kila kitu kabla sijafungua mdomo, lakini aliniacha nieleze yote, mpaka maombi ya ndani ya gari, na hapo kwenye maombi alilazimika kushika nguzo kwa kicheko.

"Ungeliteremsha kutoka pale juu," akasema alipopata pumzi. "Mimi ningeamini."

"Najua."

"Umefanya vizuri, Baba Kawira." Nikaona macho yake yamelainika, na moyo wangu ukaanza kutumaini. "Mtu wa Kianjai nitamwita Jumatatu."

Akamwita, akaja, likaenda. Mvua ya Ishiara nayo ilinyesha baadaye, juma ambalo hakuna aliyefunga wala aliyehubiri, na Bwana asifiwe kwa hilo pia. Mimi siku hizi Jumamosi napalilia migomba. Na tukiwa kwenye maombi, mtu akiombea jambo ambalo chanzo chake nakijua, naomba ruhusa kwanza, nasimama, nasema ninachokijua mbele ya wote, halafu ndipo naitikia amina, tena ndogo.