Nilijifanya meneja wa rafiki yangu ili apate kazi. HR aliponipigia, nikamharibia

Wakuu, habari za mchana.

Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Leo naandika kwa sababu kuna jambo limenikaa vibaya miezi miwili sasa. Majina nimebadilisha, mimi niiteni Bura. Mengine yote ni kama yalivyotokea, na anayenitafutia sifa kwenye uzi huu hatazikuta.

Kwetu ni Buger, wilaya ya Karatu. Nina digrii ya sosholojia. Rafiki yangu, nimwite Saning'o, kwao ni wafugaji wa Nainokanoka, juu kule ndani ya hifadhi. Tulikaa chumba kimoja chuoni miaka mitatu, tukarudi nyumbani wote wawili na bahasha za kaki zenye vyeti.

Mgeni akifika Karatu anaona magari ya watalii yanaelekea geti la hifadhi tangu asubuhi, na lodge kila kilima. Anasema huku kazi zipo.

Zipo. Ila kila tangazo linataka uzoefu wa miaka mitatu.

Hapo ndipo ninapouliza kila siku na sijajibiwa. Uzoefu wa kwanza unapatikana wapi, kama kila mlango unakuuliza uzoefu? Nilihudhuria semina moja ya vijana, mwezeshaji akatuambia tujiajiri. Nikamuuliza yeye alijiajiri mwaka gani. Akasema tuendelee na mada.

Wengine wanasema vijana wasomi tunachagua kazi. Mimi nimechuma kahawa Oldeani msimu mzima. Nilizokuwa nachagua ni zile zilizoiva.

Sasa tukaanzisha kampuni.

Ilikuwa kampuni ya safari isiyo na gari, isiyo na ofisi, isiyo na mgeni hata mmoja. Ilikuwa na barua yenye picha ya tembo tuliyochapisha stesheneri, na mameneja wawili. Mimi nilikuwa meneja wa Saning'o kwenye CV yake, yeye meneja wangu kwenye yangu. Walimu wa chuo walishaacha kupokea simu zetu, na HR lazima apate mtu wa kumpigia.

Kila mmoja alisajili laini ya pili kwa ajili ya umeneja. Tukafanya na mazoezi. Mara ya kwanza nilipokea kwa "shikamoo", Saning'o akacheka mpaka akakaa chini. "Bura, meneja hapokei simu kama mtu aliyekuja kuomba chumvi."

Najua mtasema ni udanganyifu. Ni kweli. Wakati ule sisi tuliuona ni ufunguo tu.

Lodge moja ikatangaza nafasi moja ya mapokezi. Moja tu. Tukaomba wote wawili, tukakubaliana atakayepata atamvuta mwenzake.

Kosa nililifanya mwenyewe. Kule kwetu laini yangu ya kawaida haishiki mpaka upande kilimani. Ile ya umeneja inashika mpaka jikoni. Nikaogopa simu ya kazi itanipita, nikaandika namba ya umeneja kwenye maombi yangu. Sikukumbuka kwamba namba hiyohiyo ipo kwenye CV ya Saning'o.

Wiki mbili baadaye niko shambani na mama tunang'oa maharage. Simu ikaita. Mwanamke, sauti ya taratibu, akajitambulisha kuwa ni HR wa ile lodge, akauliza kama anaongea na meneja.

Nikanyoosha mgongo. Nikasema yes, speaking.

Akauliza kama Saning'o alifanya kazi kwetu. Nikasema miaka mitatu. Akauliza utendaji wake, nikasema kijana mwaminifu, anajua wageni, Kiingereza kizuri. Mpaka hapo nilikuwa nasema tulichofanyia mazoezi.

Kisha akasema, "Tumebaki na majina mawili, meneja. Ungekuwa wewe ungemchukua?"

Wakuu, nilijua jina la pili ni langu. Sijui nilijuaje, nilijua tu.

Nikasema, "Ningemchukua. Ila."

"Ila nini?"

"Ng'ombe wa kwao wakipata shida, anaondoka bila kuaga. Unajua tena vijana wa kule."

Saning'o hajawahi kukosa kipindi hata kimoja chuoni. Kuna likizo alishuka kwa miguu kutoka Nainokanoka tangu alfajiri ya jana yake kwa sababu magari hayakuwepo, akawahi basi la Arusha kuliko mimi niliyelala mjini. Hilo nalijua kuliko mtu yeyote. Lakini nilijua pia kwamba maneno yale yangeaminika haraka, kwa sababu watu huku tayari wanayasema.

Nikasikia karatasi zinafunuliwa.

"Sawa," akasema. "Nina maombi mawili hapa mezani. Namba ninayoongea nayo ipo kwenye yote mawili. Moja ni ya meneja, nyingine ni ya mwombaji. Sasa naongea na nani?"

Nikakata simu. Nikaizima kabisa.

Mama alikuwa ameshika mashina ya maharage, ananiangalia. Akauliza, "Tangu lini una wafanyakazi?"

Nikainamia maharage. Tukamaliza mstari.

Baadaye Saning'o alinieleza yaliyotokea upande wake. Yule HR alimwita ofisini, akamuuliza habari za kampuni. Saning'o akamwambia ukweli wote, kwamba haipo, na kwamba wazo lilikuwa lake. Halikuwa lake. Lilikuwa langu.

Mapokezi hakupewa. Alipewa kubeba mizigo ya wageni, mkataba wa msimu. Anavaa shati lenye jina kifuani.

Kuhusu mimi alisema kitu kimoja tu, kwamba yule HR alijua kila kitu. Nikabaki najiuliza, kila kitu ni pamoja na ng'ombe?

Tangu siku hiyo nimekuwa nakwepa kwenda mjini. Akipiga, napokea, tunacheka, nakata, halafu siwezi kukaa sehemu moja.

Jumatatu akaniandikia kwamba lodge inahitaji watu wawili zaidi, amelitaja jina langu, nipeleke CV mwisho Ijumaa. Sijapeleka. Leo Alhamisi.

Nimejaribu kuulaumu mfumo, maana huo ndio utaalamu wangu. Masharti ya uzoefu ndiyo yaliyotufundisha kudanganya, hilo nasimama nalo mbele ya yeyote. Lakini hakuna tangazo lililonitaka niseme habari za ng'ombe. Hizo nilizitoa mwenyewe.

Tukiongelea ukosefu wa ajira tunataja wizi, gongo na vijiwe. Mimi kijiweni sikai, gongo sinywi. Madhara yake kwangu yalikuwa kumtazama mtu niliyekula naye sahani moja na kuona nafasi moja tu.

Asubuhi hii nimemtumia Saning'o maandishi haya yote WhatsApp kabla ya kuyaweka hapa. Tiki zimekuwa bluu. Hajajibu.

Kama kuna HR humu, niambieni mnamtaka kijana asiye na uzoefu afanye nini, na msiseme ajitolee, nimejitolea. Na wewe uliyewahi kumfanyia rafiki kitu kama hiki, ulianzaje tena kukaa naye? Matusi nayo nitayasoma.

EDIT: Amejibu. Nanakili ilivyo.

"Hiyo ya ng'ombe HR aliniambia siku ileile. Nilikuwa nasubiri uniambie wewe. Kesho ndiyo Ijumaa, CV iko wapi? Na referee weka mtu wa kweli."

Wakuu, nipo stesheneri hapa mjini. Sehemu ya referee bado haina kitu.