Bipu ya Magharibi

Baba yangu alikuwa na lori Makambako, na hakuwa mtu wa kuombwa kitu mara mbili. Ukirudia ombi, alikunyima hata kile alichokwisha kukupa. Nyumbani wanasema hasira zake nimezirithi mimi peke yangu kati ya watoto wake wote, na sijawahi kulikataa hilo.

Ilikuwa miaka ya soko huria, mashirika ya umma yakiuza magari yao. Yeye alikuwa ameliendesha lori la shirika tangu ujana wake, nalo likauzwa likiwa chakavu, akalinunua. Akawa anashusha viazi na mbao za Njombe hadi Dar es Salaam kwa faida yake mwenyewe. Simu ya mkononi aliinunua kwa ajili ya wateja, akaifunga mkandani kwa mkoba wa ngozi, na akiingia msikitini aliizima kwa madaha ili watu waone kuwa anayo ya kuzima.

Mimi nilikuwa nataka sayansi. Shule yetu ya Makambako haikuwa na mwalimu wa fizikia, na nilipofika kidato cha tatu nikapata nafasi ya kuhamia shule ya kutwa mjini Njombe. Shule ya kutwa maana yake ni kupanga chumba. Shangazi yangu, dada yake baba, aliposikia habari za binti kupanga chumba peke yake, alishika kichwa kana kwamba amepewa taarifa ya msiba. Alisema mambo mengi, na karibu yote yaliishia kwenye mimba.

Mama ndiye aliyetoa wazo la simu. Alisema kama wasiwasi ni kutojua nilipo, basi ninunuliwe simu ya bei nafuu. Shangazi akacheka kwa uchungu. "Chumba peke yake, halafu na simu juu? Si umpe na mchumba kabisa!"

Baba akaniita sebuleni na kunipa masharti. Simu isifike shuleni. Mchana itakaa kwa mama mwenye nyumba. Namba asipewe mtu. Na kila siku baada ya sala ya magharibi atanibipu, nami niwe ndani ya chumba, nimbipu na mimi. Hakuna kupokea, hakuna kuongea, kila mmoja abaki na salio lake. Siku nitakayokosa kujibu bila sababu, nirudi Makambako na habari za fizikia ziishie hapo.

Nikasema, "Sawa, baba. Na mimi nina sharti langu."

Shangazi alikaribia kuanguka kwenye kiti. Baba akaniambia nilitaje.

Barabara yote ya Makambako hadi Njombe ilikuwa imejaa madereva rafiki zake, na nilijua anavyowatumia. "Nikikujibu bipu, inatosha. Usimtume dereva wako yeyote kuja kunichungulia."

Baba alirekebisha mkoba wa simu mkandani. "Una mdomo," akasema. Lakini alikubali, na siku hiyo nililala nikiwa nimevimba kichwa kwa kujiona mtu mzima.

Nilipanga Mjimwema, kwa mama mmoja wa Kibena aliyeishi kwa kulima viazi. Asubuhi ukimkuta jikoni unaanza na "Kamwene," hata kama umechelewa shule, maana bila salamu hasikii lingine lolote. Simu aliitunza kabatini, ndani ya bakuli la udongo, juu yake kitambaa. Jua likianza kuzama ananipa. Baba ananibipu, namjibu, naendelea na masomo yangu nikiwa nimejifunika blanketi kwa ile baridi ya Njombe. Muhula mzima haikukosekana hata siku moja. Nasema hivyo kwa majivuno, na nina haki nayo.

Sasa, siku ilipokosekana. Nilirudi shuleni nikamkuta mama mwenye nyumba amekaa kizingitini, khanga kichwani, analia. Binti yake aliyeolewa Makete alikuwa amejifungua kwa shida, amekimbizwa hospitali ya Ikonda, na abiria mmoja ndiye aliyeleta habari kwamba amepoteza damu nyingi. Gari la kwenda huko lilikuwa stendi linapakia. Nduguye mama huyo, wa hapa mjini, alikuwa na duka la mbao lenye simu ya mezani, na yeye ndiye angekusanya ndugu wa kwenda kuchangia damu. Tatizo lilikuwa ni kwamba mtu aliyeko Ikonda angempataje bila simu.

Hakunizungusha. Alisema, "Mwanangu, simu si yangu, ni ya baba yako. Ukisema hapana sitakulaumu."

Bakuli lilikuwa mikononi mwake tayari. Nikamwambia aende nayo, nikamwonyesha mara mbili jinsi ya kuiwasha na kuizima, maana chaji ilikuwa ndogo na umeme wa huko hatukuujua. Akanikumbatia, akaondoka mbio.

Baada ya hapo nilikwenda mjini kwenye kibanda cha simu nimweleze baba. Hapatikani. Nilijua yuko njiani, pale ambapo minara ilikuwa haijafika. Nikangoja, nikapiga tena, hapatikani. Jua likawa linaniacha. Ningebaki kibandani ningempata, lakini magharibi ingenikuta mjini, na ahadi ilikuwa niwe ndani. Nikarudi chumbani. Saa ya bipu ilifika, nikakaa kitandani, mikono mitupu, nikitazama ukuta. Niliogopa sana, nakiri, ila sikuona mahali nilipokosea.

Asubuhi, kabla sijafunga tai ya shule, nikasikia lori. Lile lori ningelitambua kati ya mia. Baba alishuka amejifunga shuka shingoni kwa baridi, macho mekundu, hakunisalimu.

"Panga vitu vyako. Tunarudi."

"Baba, shikamoo."

"Nimesema panga vitu."

"Niulize kwanza, baba. Ndipo nipange."

Labda hakutegemea kujibiwa hivyo. Aliingia, akatazama kitanda, madaftari, sanduku, akabaki amesimama katikati ya chumba. Kisha akanieleza kwa sauti ya chini, na sauti yake ya chini ndiyo iliyokuwa mbaya. Alitoka msikitini akanibipu. Mwanamume akapokea. Akasema haloo, haloo, nani huyo, kisha salio la baba, lile la kubipia tu, likaisha. Akakimbia kununua vocha, akapiga. Simu imezimwa.

"Mwanamume," akarudia. "Kwenye simu yako. Magharibi."

Nikamweleza yote: binti wa mwenye nyumba, damu, Ikonda, kibanda cha simu. Nikamwambia aliyepokea lazima ni mkwe wa mama mwenye nyumba, mume wa mgonjwa, mkulima ambaye pengine hajawahi kushika simu maishani mwake.

"Maneno hayo hata mimi ningeyatunga," baba akasema.

Hapo hasira zake zilizomo ndani yangu zikaamka. "Baba, wewe unawajua vijana wa mjini wenye kufuatafuata wanafunzi. Kuna hata mmoja wa kupokea bipu? Wanazijua bipu kuliko mimi na wewe! Anayeongea na binti wa watu kwa siri akiona bipu ya baba mtu anaiacha ilie mpaka ife. Wa kupokea bipu na kupiga kelele haloo, haloo, huyo ni mtu aliyepewa simu jana!"

Nikaona mdomo wake unacheza. Alijaribu kuuzuia, ukamshinda, akageuka kuutazama ukuta ili nisione. Madereva wote wa Makambako walikuwa na visa vya washamba waliowapokelea bipu na kuwamalizia salio, na yeye ndiye alikuwa hodari wa kuvisimulia.

Lakini hakuwa mtu wa kumalizwa na kicheko. Alitoa simu mkandani. Vocha ya jana ilikuwa haijatumika. Alibonyeza namba taratibu huku akinitazama usoni, na mimi nikamtazama vilevile. Safari hii iliita. Nikaisikia ile sauti kutoka pale nilipokuwa, maana mwenye nayo alikuwa anapiga kelele kana kwamba Ikonda na Njombe zinatazamana: Haloo! Haloo! Nani huyo?

Nilingoja amuulize wewe nani, simu umepewa na nani, jana ulikuwa wapi. Ndiyo maswali aliyokuja nayo kutoka Makambako.

Baba alikohoa. "Habari za huko," akasema. "Mgonjwa ameamkaje?"

Akasikiliza kwa muda mrefu. Alisema alhamdulillahi, akauliza kama damu imetosha, akauliza mtoto ni wa kike au wa kiume. Kisha akasema, "Kaeni na simu mpaka atoke. Ni ya binti yangu. Ameshawaazima, mimi sina la kuongeza."

Aliposhusha simu hatukutazamana. Alichukua shuka lake, akaniambia nimechelewa shule, na kwamba chai ya pale Mjimwema ningemwekea siku nyingine. Nilimsindikiza hadi kwenye lori. Kila mara nikikumbuka namna alivyopanda, polepole, mzee mwenye magoti yaliyochoshwa na kupanda na kushuka, naona fahari ambayo sijui niipe jina gani. Alikuja njia yote ile akiwa ameshanihukumu, na akaondoka bila sanduku langu.

Mgonjwa alikaa Ikonda hadi aliporuhusiwa, na simu ikakaa naye. Kwa muda wote huo baba hakuwa na namna ya kujua nilipo. Hakuja, wala hakumtuma dereva hata mmoja. Na kila magharibi nilikuwa ndani.