Siku Nilipozipulizia Riwaya Salfa

Kabla ya zama za ruksa, Newala nzima ilikuwa na vitabu vinne: Msahafu, Biblia, daftari la balozi wa nyumba kumi, na jiografia niliyoazima kwenye masomo ya jioni nikasahau kuirudisha. Labda nimepunguza kidogo. Lakini ruksa ya biashara ilipotolewa, wafanyabiashara walianza kupandisha mlimani kwetu kila kitu, pamoja na mizigo ya karatasi kuukuu za kufungia bidhaa. Na humo kwenye karatasi kuukuu ndimo nilimokutana na utajiri wangu.

Kulikuwa na riwaya nyembamba za zamani, majalada yake yamejaa bastola na wanawake waliokasirika. Kulikuwa na magazeti ya hadithi za picha, ya miaka ambayo mimi nilikuwa bado natembea bila suruali. Mama aliyeuza korosho za kukaanga pale sokoni aliyachana bila huruma. Ukinunua korosho unapata na nusu ya mauaji. Nikawa namkusanyia mifuko mitupu ya saruji, imara kuliko gazeti lolote, naye ananipa magazeti mazima. Kwa mwaka mmoja nilikuwa nimejenga maktaba ambayo, nikisema ukweli mtupu, ilikuwa kubwa kuliko zote kusini mwa Afrika. Ilijaa kitandani, na mama watoto akawa analala ukingoni.

Kipenzi changu kilikuwa mfululizo wa mpelelezi mmoja mwenye suruali ya njano. Nilikuwa nayo matoleo kumi na moja. La kumi na moja linaisha mtu kasukumwa ghorofani, na mpelelezi ananing'inia ukingo wa paa huku aliyesukuma anaanza kugeuza uso. Anaanza tu! Toleo la kumi na mbili sikulipata Newala, wala Tandahimba, wala Masasi. Nilikwenda hadi Lupaso kwa kusikia kwamba kuna mtu ana gazeti la zamani, nikakuta kalenda.

Kisha akaja afisa kilimo kutoka Masasi kutufundisha matumizi ya salfa, ule unga wa njano tunaopulizia mikorosho. Alifundisha vizuri sana. Alipomaliza, akatoa mkobani riwaya kuukuu akaanza kusoma huku anasubiri gari. Nikamsogelea kama mtu anayeposa.

"Shikamoo, afisa."

"Marahaba."

Dakika tano baadaye yeye alikuwa anajua habari za maktaba yangu na za shule yangu ya jioni, nami nilikuwa najua yote yake. Alikuwa na sanduku la bati limejaa magazeti ya picha, la kumi na mbili likiwemo. Mwisho wa mwezi angestaafu arudi kwao Bukoba, na mkewe alikuwa amekwisha kumwandikia kwamba sanduku lile la uhuni halitavuka kizingiti chake.

"Nitamwachia mtu anayejua kutunza," alisema. "Alhamisi napita huku. Nitakuja kwako nione unavyotunza."

Niliporudi nyumbani nikatazama maktaba yangu kwa macho ya mgeni. Newala yetu ukungu wa asubuhi unaingia mpaka kwenye soksi. Vitabu vyangu vilikuwa vimeota madoa meupe jalada hadi jalada. Nikayatambua. Ubwiri unga! Ugonjwa ule ule wa mikorosho, na dawa yake nilikuwa nimefundishwa na mwenye sanduku mwenyewe.

Jumatano alfajiri nikatandaza vitabu vyote uani vipate umande kwanza, maana afisa alisisitiza kwamba salfa hushika penye umande. Nikaazima mashine ya jirani ya kupulizia, nikaibeba mgongoni, nikaiwasha.

Mama watoto akatoka amejifunga khanga puani. "Baba watoto, hizo ni riwaya au mikorosho?"

"Ugonjwa ni mmoja!"

"Kweli. Na mgonjwa namwona."

Mashine ile imeundwa kurusha unga mpaka kilele cha mkorosho. Riwaya tatu ziliruka ua zikatua kwa jirani. Zilizobaki zikawa njano tupu, nikazianika, nikazikung'uta, na nakuhakikishia hapakubaki doa hata moja jeupe.

Alhamisi afisa akafika. Nilikuwa nimepanga vitabu juu ya mkeka kama mahari. Akaketi, akachukua riwaya moja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Sasa, wapenzi wa vitabu vya kale tuna tabia moja sisi sote: kitabu hatukisomi kabla ya kukinusa. Afisa akaifungua katikati, akazamisha pua na macho humo ndani, akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyefika nyumbani.

Chafya ya kwanza ilisikika mpaka Kitangari. Baada ya hapo sikuhesabu. Macho yalifumbika, machozi yakamwagika mpaka kolani, na mtu mzima yule akawa anazunguka uani anauliza maji yako wapi.

Maji! Kiangazi kile bomba lilikuwa limenyamaza wiki nzima. Ndani tulikuwa na ndoo moja, aliyoibeba mama watoto kichwani kutoka bondeni. Akaitazama ndoo, akanitazama mimi, na katika mtazamo huo wa pili ndimo salfa ilimokuwa kali zaidi. Kisha akamkalisha afisa na kumsafisha macho, kata kwa kata, mpaka ndoo ikakauka.

Afisa akabaki mkekani, kitambaa kibichi usoni. "Wewe ndiwe uliyesoma shule ya jioni?"

"Ndimi, afisa."

"Inaonekana. Mchana hukusoma kabisa."

"Lakini wewe mwenyewe ulisema inaua ukungu."

"Nilisema mikorosho!"

"Hukusema isipokuwa vitabu."

"Na ukungu umekwisha kweli, afisa," mama watoto akanitetea, mara ya kwanza na ya mwisho.

Gari lake lingerudi saa kumi. Akaguna. "Basi nisomee, maana macho yangu umekwisha kuyachukua. Toleo la kumi na moja."

Nikasoma, nikamweleza na picha. "Hapa mpelelezi ananing'inia kwa kidole kimoja."

"Kwa mkono."

"Chini kuna mbwa saba."

"Wawili."

"Wawili ndio waliochorwa. Watano wako nyuma ya ukuta."

Akacheka mpaka akakohoa. Nikaendelea hadi ukurasa wa mwisho, nikafunga.

"Halafu?" Aliyeuliza ni mama watoto, ambaye kwa miaka yote alikuwa anaiita maktaba yangu takataka. "Nani alimsukuma?"

"Sijui. Afisa anajua."

Afisa akainua kitambaa, akafumbua jicho moja jekundu kama pilipili. "Sisemi."

"Afisa! Ndoo yangu nzima imeishia kwenye macho yako, useme!"

"Ndiyo maana sisemi, mama. Nikikusimulia nitakuwa nimekudhulumu. Jumamosi mzee wako aje Masasi achukue sanduku. Lakini nikisikia ile mashine imelisogelea, nitapanda basi toka Bukoba kuja kulinyang'anya."

Jumamosi nikaenda. Mama watoto alinisindikiza kwa onyo moja: "Usilisome peke yako." Nikaapa. Nilipofika stendi ya Masasi na sanduku, nikafungua kidogo tu, nihakikishe kwamba toleo la kumi na mbili limo. Limo. Nikatazama jalada. Jalada si kusoma.

"Baba, Newala unapanda?" kondakta akaita.

"Nakuja, namalizia ukurasa!"

"Upi?"

Pale pale uso ulikuwa ndio unageuka. Nilipoinua kichwa, stendi ilikuwa na mimi, sanduku, na moshi. Basi lililofuata lilikuwa la kesho yake.

Nilipofika nyumbani nikaketi mkekani na mama watoto, nikafungua ukurasa wa kwanza, nikashangaa kila picha kwa nguvu zangu zote. Akanitazama usoni badala ya kutazama gazeti.

"Umesoma."

"Mimi?"

"Haya. Fungua kurasa polepole, na ufunge mdomo."

Nikafungua polepole.